Kikundi ninachonunua kwao vikapu kimeanza kuwauzia wateja wangu moja kwa moja, tena kwa bei ya chini. Nifanyeje?

DukaLaKona (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Hili jambo nimekaa nalo wiki mbili nikaona nililete hapa maana nyumbani wameshachoka kunisikiliza.

Nina duka la kazi za mikono hapa Dar, upande wa Mikocheni, mwaka wa tisa huu. Vikapu, mikeka, batiki kidogo, miiko ya mninga. Tangu naanza nilijiwekea kwamba sinunui kwa madalali, nanunua kwa vikundi vyenyewe na natoa nusu ya hela kabla hawajaanza kusuka, bila riba. Sio kwamba nilibuni mimi, ndio utaratibu wa watu wa biashara ya haki (fair trade), shirika lao la dunia WFTO lina kanuni kumi na mojawapo ni hiyo, kwamba mzalishaji wa kazi za mikono akiomba apewe angalau asilimia 50 mwanzoni ili asikope.

Sasa kuna kikundi cha kina mama 34 huko Iringa vijijini, wanasuka vile vikapu vya milulu, yale majani ya bondeni, nadhani wote mnavijua. Tumeanza nao wakiwa 11. Kikapu cha saizi ya kati nanunua kwao 18,000 nauza 38,000. Mwaka jana wakapata katibu mpya, binti wa mmoja wao, kasoma kasoma, akafungua ukurasa Insta. Nilifurahi, hata nilimtumia picha zangu nilizolipia mpiga picha.

Jumamosi moja anaingia mteja wangu wa miaka mingi, yule anayechukua vikapu 20 kila Desemba kugawia watu ofisini kwake. Anashika kikapu, anakigeuza, anatoa simu, ananiambia dada mbona hiki hiki kipo huku 25,000 na wananiletea mpaka stendi? Naangalia simu, naiona picha YANGU. Kikapu kipo juu ya stuli yangu ya bluu, nyuma pazia la dukani kwangu.

Sikujibu kitu aisee. Nilitabasamu kama mjinga.

Na wiki hiyo hiyo katibu kanipigia anaomba advansi ya oda ya Krismasi, vikapu 200, yaani milioni moja na laki nane itoke kwangu sasa hivi. Ndio hela hiyo hiyo watanunulia milulu na rangi za vikapu watakavyowauzia wateja wangu kwa 25,000. Nakataa naonekana mnyonyaji, nakubali najichimbia kaburi. Wenye uzoefu naombeni mawazo, matusi baadae.

Mangi wa Tabata

Naweka kambi hapa, hili limenigusa.

jiwe_la_kusagia

Kwanza dada tuambie ukweli, 18 mpaka 38 si ni zaidi ya mara mbili? Hapo unalia nini sasa, yaani bibi wa watu anasuka siku tatu anapata 18 wewe umekaa kwenye feni unapata 20. Hicho kikundi kimeamka, pongezi kwao.

DukaLaKona

@jiwe_la_kusagia nilijua litakuja, ngoja nikumwagie hesabu yote maana sina cha kuficha.

Kwa mwezi wa kawaida natoa vitu kama 150. Tuseme kila kimoja nimeweka 20,000 juu, ni milioni tatu. Fremu laki tisa kwa mwezi na nalipa miezi sita kwa mkupuo. Mabinti wawili wa dukani laki saba. Umeme, ulinzi, taka, 150,000. Mizigo kwenye basi mpaka Mbezi pale Stendi ya Magufuli halafu bajaji mpaka dukani, weka 225,000. Kodi na leseni ukigawa kwa miezi ni kama 150,000. Matangazo na picha laki mbili. Vilivyoharibika, vilivyopinda, vilivyokaa mpaka rangi imepauka nikauza kwa hasara, laki tatu. Jumlisha mwenyewe. Kinachobaki ukigawa kwa 150 ni kama 2,500 kwa kikapu. Kwenye feni hiyo hiyo.

Na sijahesabu kwamba milioni moja na laki nane ya advansi inakaa kwao miezi miwili mitatu haizai kitu.

jiwe_la_kusagia

Sawa nimenywea kidogo. Kidogo.

Mtani wa Kihesa

Dada DukaLaKona kamwene. Mimi ni wa Iringa na mama yangu ni msusi, sio wa kikundi chako nadhani, ila cha namna hiyo hiyo kinachouzia duka la namna hiyo hiyo. Ngoja nikueleze upande wa pili na usinichukie.

Milulu unayoiona imelala vizuri kwenye kikapu, mtu kaingia bondeni kwenye maji ya magoti kuikata. Kaibeba kichwani. Kaanika, kapasua, kachemshia rangi kwenye sufuria ambayo haipikiwi tena ugali. Halafu ndio anaanza kusuka, na anasuka usiku maana mchana kuna shamba. Vidole vya mama yangu hapa pembeni mwa kucha vimekuwa na sugu mpaka akishika simu ya kugusa haimsikii, inabidi apige kwa kidole cha mwisho.

Sasa siku moja mjukuu wake kasoma Dar karudi na tagi ya kikapu kutoka hilo duka. Kwenye tagi kuna picha ya mama. Kumbe walikuja wazungu wawili na mwenye duka wakapiga picha "za kumbukumbu". Chini wameandika kila kikapu unachonunua kinamsomesha mtoto. Mama kauliza, mtoto yupi? Maana mimi mdogo wao wa mwisho nilishamaliza chuo, kwa hela ya nyanya sio ya vikapu. Halafu kageuza nyuma akaona bei.

Hakukasirika kuhusu bei kama unavyofikiri. Kasema "kumbe walikuwa wanatuuza sisi, kikapu wanatoa bure". Toka siku hiyo katika kikundi chao neno "duka" linasemwa kwa sauti fulani hivi.

Kwa hiyo kabla hujamlaumu katibu wako jiulize hao kina mama 34 wanajua unauza shingapi na kwa nini. Hiyo hesabu uliyotumwagia sisi tusiokujua, wao umeshawahi kuwamwagia?

DukaLaKona

Kaka umenichapa. Sijawahi. Bei ya dukani wanaijua kwa kuibia tu. Tagi zangu hazina picha za mtu ila zina hadithi, hilo nakiri, na hadithi niliandika mimi.

Shangazi wa Leeds

Nipo huku Uingereza miaka 22, nimesoma comenti zote hapa na chai yangu. Dada mwenye uzi shida yako ni ya zamani kuliko unavyodhani.

Hawa watu wa maduka ya haki wenyewe walianza kama wauzaji wa moja kwa moja. Marekani kuna mama mmoja wa kanisa la Wamennonite, Edna Ruth Byler, 1946 alirudi kutoka Puerto Rico na vitambaa vilivyodariziwa na kina mama wa kule, akawa anazunguka anauzia marafiki zake kutoka kwenye buti la gari. Hiyo ndio mbegu ya Ten Thousand Villages, maduka ya kazi za mikono ya haki. Buti la gari shangazi zangu, hakuna fremu hakuna ulinzi. Likakua likawa maduka kila mahali, na 2020 upande wa Kanada wakatangaza kufunga makao makuu na maduka waliyokuwa wanayaendesha wenyewe.

Hapa kwetu kulikuwa na kampuni ya biashara ya haki, Traidcraft, toka 1979, makao yao Gateshead. Hawa walikuwa wanauza makanisani, baada ya ibada unakuta meza, bibi wa watu wa kujitolea, kahawa, chokoleti, kadi za Krismasi. Nimenunua sana pale meza ya nyuma. Hao hao Traidcraft wakashirikiana na Oxfam, Equal Exchange na Twin wakaanzisha kampuni ya kahawa ya haki, Cafédirect, 1991, baada ya bei ya kahawa duniani kuporomoka mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika 1989. Nia safi kabisa. Kahawa ikapendwa, ikaingia supamaketi. Sasa niambie, mtu akishaikuta kahawa ya haki kwenye rafu ya supamaketi Jumatano usiku, Jumapili atainunua kwenye meza ya bibi kwa sababu gani? Sisemi ndio kilichowaua peke yake, kulikuwa na corona, kulikuwa na Brexit, gharama zilipanda, ila Januari 2023 Traidcraft ikaanguka.

Wewe shida yako ni mtoto uliyemlea. Wao pia.

Bin Ukindu

Assalaam alaykum. Mie nipo Unguja, biashara yetu ya mikeka ya ukindu toka kwa bibi. Nnavyoona hapa watu wanachanganya mambo mawili. Kikundi kuuza wenyewe ni haki yao, hilo halina mjadala, mali yao mikono yao. Kosa lipo kwenye ile elfu ishirini na tano.

Hebu tizameni. Bei ya jumla 18. Bei ya rejareja 38. Anayeuza kimoja kimoja kwa mtu wa mwisho anafanya kazi ya rejareja: anajibu inboksi saa sita za usiku, anafunga mzigo, anapeleka stendi, mteja anasema sikukipenda anarudisha. Hiyo kazi ina bei yake. Wao wameifanya kazi hiyo kwa elfu saba kwa kuwa hawajaihesabu bado. Wamedhani 25 ni faida ya saba juu ya 18. Si faida, ni mshahara wa katibu ambao hajalipwa.

Sisi kwetu tulipofungua ukurasa tuliweka bei ile ile ya maduka ya Mji Mkongwe, tena mara nyengine tunazidisha kidogo. Mwenye duka hana la kusema. Akiuza yeye tunapata, tukiuza sie tunapata zaidi. Tungeshusha, kesho yake maduka yote yangekuja kutwambia basi na sie tupeni kwa 12.

kahawa_chungu

Bin Ukindu umemaliza ila ngoja niongezee ya kwetu Kagera.

Kwetu kuna kitu kinaitwa butura, wahaya wenzangu wanakijua. Kahawa bado ipo kwenye ua, mtoto karudishwa ada, mzee anaenda kwa mwenye hela anaiuza ikiwa ua. Unapewa robo ya bei. Ikija kuiva sio yako, unaichuma kama kibarua kwenye shamba la baba yako. Serikali inapiga marufuku kila msimu na kila msimu ipo. Kule kusini kwenye korosho wana kangomba, jina jingine ila shetani ni ndugu.

Sasa advansi ya huyu dada ndio dawa ya butura, mnaelewa? Mtu anakupa nusu KABLA, na bei haipungui. Hakuna benki inakupa hiyo, mkopo wa halmashauri wa ile asilimia 10 (nne wanawake nne vijana mbili wenye ulemavu) mpaka uupate umesainiwa na watu wangapi. Wateja wa Insta hawatoi advansi, na akitoa anataka mzigo kesho. Kwa hiyo kikundi kikimpoteza huyu dada, Februari shida ikibana nani atawakopesha? Mwenye butura.

Na kuhusu kuuza moja kwa moja, kwenye kahawa lipo muda mrefu. Vyama vyetu vya ushirika, KCU huko kwetu (ilianza 1950 ikiitwa BNCU) na KNCU ya Kilimanjaro toka 1933, vimeuza kahawa ya haki Ulaya toka miaka ya 1990 kwa mkataba na mnunuzi bila kupitia kelele za mnada wa Moshi. Lakini sikiliza, anayeuza moja kwa moja anauza JUU ya bei ya mnada. Hiyo ndio maana ya kuruka ngazi. Ukiruka ngazi ukatua chini ya ulipokuwa hiyo sio kuruka, ni kuanguka.

jiwe_la_kusagia

Hahahaha kuanguka. Nimekubali.

Kaptula90

Samahani wakuu, huo ukurasa wa kikundi unaitwaje? Nataka vikapu 3 vya harusi ya dada angu.

Mangi wa Tabata

@Kaptula90 wewe jamaa hahahaha, mwenye duka analia wewe unaomba namba ya mwizi. Nimecheka mpaka mteja kaniuliza.

Haya ngoja na mimi nitoe langu. Nyie mnaongelea vikapu vyenye hadithi, mimi ni duka la Mangi, soda, unga, vocha, mafuta ya kupima. Wakala wa soda ananiletea kreti kwa bei ya jumla, sawa. Mtaa wa pili kuna kipaimara, mama mwenye shughuli kampigia wakala yule yule, gari limepita MBELE YA DUKA LANGU limeenda kushusha kreti 15 kwa bei ile ile ninayopewa mimi. Ile ile! Nimesimama mlangoni dereva kanipungia mkono.

Na mimi ndio ninayekopesha mtaa huu. Daftari langu lina majina 61 leo. Mtu ananunua kiroba kwenye gari la kiwanda kwa keshi halafu sabuni anakuja kukopa kwangu. Hakuna anayeniita muuzaji wa kijamii ila kama kukopesha unga bila riba mpaka mwisho wa mwezi sio huduma ya jamii basi sijui ni nini.

Nilichofanya: hiyo soda nimeipunguza, naweka kreti mbili tu za kuzugia, nimeongeza vitu ambavyo gari halileti, nazi, mkaa wa kupima, gesi. Kwenye gari hakuna nusu kilo.

Mkamba wa Wote

Hamjambo watu wa bongo. Mimi ni wa Makueni, na hii story ya vikapu inanikumbusha kiondo, ile wamama wetu wanasuka na mkonge hata wakitembea njiani kuenda soko, mtu anakusalimia mikono bado inaenda. Miaka ya themanini kiondo ilikuwa moto sana, kila mzungu anabeba. Kila mtu akaingia, broker akaingia, bei ikashushwa na sisi wenyewe kwa sisi, halafu za kuigiza kutoka Asia zikaanza kutengenezwa na mashine zikamaliza kazi. Mnunuzi hakujua tofauti maana tayari tulikuwa tumemfundisha kiondo ni kitu ya bei rahisi.

Hiyo ndio nataka mleta uzi aambie hiyo kikundi. Mkishindana na duka yenu kwa kushusha, mnamfundisha mteja. Na mteja akishajifunza 25 hawezi kurudi 38.

Kando kidogo, huku Nairobi 2023 tulikuwa na kelele ya China Square, duka ya Mchina ilifunguliwa Januari hapo Thika Road, bei ikawa chini mpaka wafanyabiashara wa Kamukunji na Nyamakima wakaandamana, waziri akasema mwekezaji alete viwanda sio kuuza rejareja. Duka ikafungwa siku chache ikafunguka tena. Mteja alikuwa wapi siku ya maandamano? Alikuwa kwa line anangoja duka ifunguliwe.

jiwe_la_kusagia

Na hapa Kariakoo si hivyo hivyo, mpaka 2025 serikali ikatoa amri wasio raia wasifanye zile biashara 15, za jumla na rejareja zikiwemo. Ila tusitoke nje ya mada maana huu uzi utafungwa.

Mzee wa Foleni

Wanangu hamjambo. Nimesoma yote kwa miwani ya mke wangu.

Mnaongea maduka ya kijamii kama kitu kipya. 1976 ilikuja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa, likawekwa duka la kijiji. Mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika navyo vikafutwa, mazao yakachukuliwa na mamlaka. Duka la kijiji nia yake ilikuwa nzuri kuliko ya mtu yeyote humu ndani, hakuna faida ya mtu, mali ya wote. Nilikuwa kijana, nilikuwa natumwa kwenda kupanga foleni saa kumi alfajiri. Hatukukaa wenyewe, tulikuwa tunaweka mawe. Kila mtu jiwe lake, unalijua jiwe lako. Sukari ikija inaisha kabla haijafika kwenye jiwe la kumi na tano, na mawe yalikuwa arobaini. Hayo mengine yalienda mlango wa nyuma.

Ninachotaka kusema, mimi duka likianza kuniambia liko kwa ajili yangu nauliza nani anashika daftari na mimi naruhusiwa kulifungua lini. Mangi alikuwa mkali lakini bei yake ilikuwa ukutani. Huyo binti wa duka nimemuelewa ni mtu mwema, sina ubaya naye. Kijana wa Kihesa kamwambia jambo kubwa kuliko sisi wote, kina mama wanaijua bei yake kwa kuiba.

DukaLaKona

Shikamoo mzee. Nimekuelewa, na nimelala nayo.

Mzee wa Foleni

Marahaba mwanangu.

Shangazi wa Leeds

Mzee shikamoo, mawe umenikumbusha mbali, kwetu tulikuwa tunaweka mpaka ndala.

Dada nikuulize kitu. Mimi vikapu vya Iringa nimevikuta hapa vinauzwa pauni 45. Nikajaribu kuagiza moja kwa moja kwa kikundi fulani, gharama ya kutuma kikapu kimoja ilikuwa kubwa kuliko kikapu chenyewe, maana kikapu ni hewa, unalipia ukubwa. Nikarudi dukani kwa adabu. Kwa hiyo kuna wateja ambao kikundi hakiwezi kuwafikia hata kikitaka na kuna wengine, kama huyo wa vikapu 20 vya ofisini, ambao kinawafikia kirahisi kabisa. Wewe unapigania wote wawili kwa nguvu moja. Labda huyo wa ofisini ungemwachia.

DukaLaKona

Shangazi huyo wa ofisini ndio Desemba yangu yote 😅 lakini nakusikia.

Mtani wa Kihesa

Dada bado hujatuambia, corona ilivyokuja ulifanyaje na kikundi? Maana lile duka linalochukua kwa mama lilisema oda imesimama, na vikapu vilishasukwa. Vilikaa ndani mwaka mzima, panya wakazalia humo. Kwenye karatasi zao walikuwa "washirika".

DukaLaKona

Sitadanganya. 2020 nilichukua vile nilivyokuwa nimevilipia nusu tu, vikapu 60. Walikuwa na vingine zaidi ya mia walivyosuka kwa kunitegemea, sikuwa na mkataba navyo, nikasema siwezi. Sikuweza kweli, duka lilifungwa miezi minne na fremu inadai. Ila najua walivyoniona siku ile, na kama nilikuwa na haki kwenye karatasi basi na wao leo wana haki kwenye karatasi kuuza popote. Nimeandika hii sentensi mara tatu nafuta.

Ngoja nimpigie katibu. Nitarudi.

jiwe_la_kusagia

Tunakusubiri. Usipotee kama wale wa kusema nitarudi.

Bin Ukindu

Ukimpigia usianze na picha. Anza na hesabu.

DukaLaKona (siku sita baadae)

Wakuu nimerudi, @jiwe_la_kusagia nilisema narudi.

Sikupiga simu, nilipanda basi. Nimefika na daftari langu, lile lenyewe la dukani lenye madoa ya chai, nikawasomea mwezi wa nane wote mstari kwa mstari chini ya mwembe. Fremu ilipotajwa laki tisa kuna mama alisema "ya mwaka?" nikasema ya mwezi, wakatulia kwanza. Halafu mwenyekiti akauliza kwa nini naajiri wawili wakati duka ni dogo, na nikakosa jibu zuri, kwa hiyo msidhani nilishinda.

Kuhusu picha katibu alisema alidhani nimempa azitumie. Ukifikiria, nilimtumia bila neno lolote, nilitegemea ajue nini?

Sasa kilichobadilisha upepo sio hotuba yangu. Siku mbili kabla sijasafiri aliingia dukani dada mmoja simjui, kabeba kikapu kimefungwa kwenye mfuko mweusi, kakitoa hapo kaunta, ndani kina ukungu wa kijani mpaka kwenye kitako na harufu ya kabati la bibi. Anataka hela yake. Binti wa dukani kamwambia dada hiki hujanunua kwetu hatuna risiti yake, yule dada kafungua simu kaonyesha picha, stuli ya bluu, pazia langu. "Si hapa hapa?"

Nikamrudishia 25,000. Nikakibeba kikapu mpaka Iringa nikakiweka katikati ya mkeka.

Kina mama walikijua kabla sijasema. Mmoja akasema hiki kimesukwa wiki ile ya mvua. Katibu akauliza, mbona vyenu vya dukani havioti? Nikamwambia vinaota sana tu, kila mzigo unaokuja wakati wa mvua tunauanika juu ya bati la duka siku mbili, asubuhi tunapandisha jioni tunashusha, na vingine vinapona na vingine tunatupa. Akauliza, mnatupa vingapi? Nikafungua daftari nikamwonyesha. Kaangalia muda mrefu.

Tulipofikia: advansi ya Krismasi nimetoa, ila ya vikapu 140 sio 200, vingine wauze wao. Bei ya ukurasani haitakuwa chini ya dukani zaidi ya elfu tatu, walikataa kulingana kabisa wakasema mteja anayesubiri basi lazima apunguziwe kitu na naona wana pointi. Wa ofisini nimewaachia, shangazi, roho inaniuma mpaka sasa. Tagi mpya wataandika wao, mama mmoja kashasema anataka iandikwe "usikiache kwenye unyevu", basi. Kuhusu oda kuvunjika kama 2020 tumeweka kwamba nikisimamisha ghafla nachukua robo ya vilivyosukwa, hilo halijaandikwa bado, mwenyekiti kasema tuandike kwa mtendaji.

Leo asubuhi nimechungulia ukurasa wao. 35,000. Picha mpya, kikapu kipo juu ya kinu.

kahawa_chungu

Safi. Mkaandike kwa mtendaji kweli.

Mtani wa Kihesa

Dada kamwene sana. Nimempigia mama nimemsomea ile ya tagi, kacheka. Anauliza hilo duka lako linapokea kikundi kingine?

Kaptula90

Kwa hiyo sasa nikanunue 35 au 38? Harusi ni Jumamosi.

Mangi wa Tabata

@Kaptula90 Jumamosi nenda dukani wewe, basi litakuchelewesha.

Dada DukaLaKona, huyo katibu naomba namba yake aje aongee na wakala wangu wa soda.